Nilivyomchoma mpwa wangu kwa dadu nane

Mpenzi msomaji, kabla hujakimbilia simu kuita polisi, nipe dakika chache nijieleze. Ni kweli nilimchoma mpwa wangu. Ni kweli pia kwamba nilimchoma mchana kweupe, Jumamosi, mbele ya mashahidi watatu, katika nyumba ya kupanga mtaani South B, huku nikishangilia. Lakini moto wenyewe ulikuwa wa mdomoni tu, na silaha yangu ilikuwa dadu nane za plastiki. Maumivu ndiyo hayakuwa ya plastiki, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mpwa wangu ni kijana wa miaka 20, mwana wa dada yangu mkubwa aliyeko Voi. Anakaa nasi Umoja kwa sababu chuo anachosomea kiko hapa Nairobi. Dada alipomleta aliniambia maneno manne tu: "Huyu sasa ni wako." Nawe wajua uzito wa maneno hayo kwa mtu anayeitwa mjomba. Basi nami nikajitia kuwa mjomba wa kisawasawa. Februari mwaka jana matokeo ya muhula yalipotoka na kuonyesha kwamba ameanguka masomo mawili, sikumwita kando. Nilimsomea ile karatasi sebuleni, somo baada ya somo, mbele ya wageni, tena wageni wenyewe wakwe zangu. Hakujibu neno. Alichukua sahani yake akaenda kumalizia chakula chumbani. Tangu siku hiyo tukawa watu wa "shikamoo, Mjomba" na "marahaba", basi.

Kila Jumamosi alitoka na mkoba begani, na mkoba huo ulikuwa na mlio. Nikausikiliza vizuri. Dadu! Nikasema sasa yamekwisha, mtoto wa watu ameingia kamari. Nilipomkabili alinieleza kwa utulivu kwamba ni mchezo tu wa vijana wa chuo, hauna pesa ndani, na kwamba mwenzao mmoja amehamia Eldoret, kwa hiyo kiti kiko wazi. Nadhani alikitaja kiti hicho kwa adabu tu, akijua nitakataa. Sikukataa. Hata leo sijui ni nani kati yetu aliyeshangaa zaidi.

Mchezo unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, watu wawili waliopenda michezo ya vita ya mezani, ile ya kusogeza vijiaskari vya sanamu na kupimana nguvu kwa dadu. Hauna mwisho kama ludo, wala mshindi kama drafti. Mtu mmoja huwa msimulizi: ndiye anayeeleza pango likoje, mlango uko wapi na ni nani anawasubiri nyuma yake. Kila mmoja wa wengine ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, na nguvu zake, na wepesi wake, na alama zake za uhai. Ukitaka kufanya jambo lenye mashaka, unarusha dadu yenye nyuso 20 na kungoja hukumu. Chukua hadithi za paukwa pakawa, kisha uwaruhusu wasikilizaji kumharibia bibi hadithi yake. Hapo utakuwa umeuelewa mchezo wenyewe.

Tatizo la kwanza lilikuwa la lugha. Wale vijana huongea Kiingereza na Sheng mezani, nao wana majina tele ya watu wa miujiza. Sisi tuna mchawi, na mchawi wetu ni yule anayeruka ukuta usiku. Mama yangu aliponipigia simu kutoka Voi kuuliza Jumamosi hizi tunakwenda wapi na mjukuu wake, nilimjibu kwa ufasaha wote wa mwandishi wa gazeti: "Mama, najifunza uchawi." Simu ikanyamaza hadi nikadhani salio limekwisha. Usimcheke, msomaji. Mama ni wa kizazi kinachokumbuka mwaka 1994, Rais Daniel arap Moi alipounda tume chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima kuchunguza ibada za shetani nchini. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka tulivyokatazwa kupokea lifti na hata peremende kutoka kwa watu tusiowajua. Huko Marekani kwenyewe, miaka ya 1980, wazazi na wahubiri kadhaa waliushutumu mchezo huu huu kwamba unawafundisha watoto ushetani. Nilimweleza Mama kwamba ni hadithi tu, na kwamba mjukuu wake ndiye mganga wa kundi, anayewatibu watu kwa maombi. Hilo la maombi lilisaidia.

Naam, mpwa wangu alicheza mganga. Alikuwa ameishi na mhusika huyo miezi 11, karatasi yake imefutwafutwa hadi inapitisha mwanga. Mimi nilitaka kitu kingine. Tulikaa mezani jikoni usiku wa Ijumaa, mara yetu ya kwanza kukaa meza moja kwa muda mrefu tangu siku ya karatasi, akaniuliza: "Mjomba, unataka mhusika wako afanye nini?"

"Achome," nikamjibu.

Akaniambia wachawi wachomaji wa mchezo huu ni wa aina tatu hasa. Wa kwanza ameupata uchawi kwa kusoma vitabu, naye hutegemea akili. Wa pili amezaliwa nao, uko damuni, pengine babu yake mmoja alikuwa joka. Huyu hutegemea haiba. Wa tatu amefunga mkataba na kiumbe mkubwa kumliko, kisha akapewa nguvu kwa masharti. Mpwa wangu alinishauri nimchukue wa vitabu, wa ile shule inayoshughulikia moto na radi. Alisema mtu huyo, tangu daraja la pili, anaweza kuuachia moto wake matundu, rafiki zake wakasimama ndani ya mlipuko bila kuungua hata unywele.

Mimi nikamuuliza swali moja tu. Je, huyo ndiye anayechoma zaidi? Akasita. Akakiri kwamba katika madaraja tuliyokuwemo, mwenye damu ya joka la moto humzidi, kwa sababu akifika daraja la sita huongeza haiba yake juu ya moto wake. Basi nikasema nipe huyo. Vitabu nimesoma vya kutosha.

Sasa hapa, msomaji mwanafunzi, kaa sawa, kwa maana pana hesabu tamu. Unapewa alama sita za kugawa: 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Sifa nazo ni sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na haiba. Nilimfanya mtu wangu chotara wa binadamu na wale watu wa hadithi wenye masikio yaliyochongoka, kwa kuwa chotara huyo huongezewa mbili kwenye haiba na moja moja kwenye sifa nyingine mbili. Haiba 15 ikawa 17. Wepesi 14 ukawa 15, ustahimilivu 13 ukawa 14. Ukifika daraja la nne unapewa alama mbili zaidi. Mtu wa pupa angezitupa zote kwenye haiba ifike 19. Lakini alama witiri hazikuzidishii chochote. Nyongeza hupanda kwenye shufwa tu. Nikaziweka moja moja: haiba 18, wepesi 16. Mpwa wangu alitikisa kichwa kwa heshima, na sikufichi, nilijiona mhandisi.

Ikabaki ile 8, alama ya aibu, ambayo lazima iwe na mahali pa kukaa. Wengi huipeleka kwenye nguvu, kwani mchawi habebi gunia. Mimi nikaiweka kwenye hekima.

"Hekima nane, Mjomba?"

"Hekima haichomi."

Kisha kuna hila mbili ambazo mwenye damu ya joka huchagua. Moja yapo ni ya tahadhari: humpunguzia rafiki aliyenaswa ndani ya moto wako, akapata nusu tu ya maumivu. Nyingine hukuruhusu kurusha upya dadu zako zilizotoka vibaya. Nyingine hukuharakisha. Nilichukua ya kurusha upya na ya kuharakisha. Ya tahadhari nikaiacha, hata kuisoma vizuri sikuisoma.

Na zawadi ya yote hayo ni donge la moto. Hulipati mpaka daraja la tano, na mtu hukumbuka siku aliyolipata kama anavyokumbuka leseni ya udereva. Unanyoosha kidole, na hata futi 150 mbele yako linalipuka, futi 20 kila upande kutoka katikati. Unarusha dadu nane za nyuso sita na kuzijumlisha. Wastani wake ni 28. Aliyefaulu kukwepa hupata nusu. Aliyefeli huzipata zote. Mchezo huu ulizaliwa na michezo ya vita, na jambo hilo bado linaonekana hapa: katika kijitabu cha Chainmail cha mwaka 1971, ambacho Gygax alishiriki kukiandika, mchawi na moto wake na radi yake alihesabiwa sawa na manati kubwa ya kivita au mzinga. Na katika sheria za zamani za mchezo wenyewe moto huo ulijaa chumba kama maji; ukiutupa kwenye ujia mwembamba, ulikurudia mwenyewe. Sheria za mwaka 2014, tunazotumia sisi kwa kuwa kitabu chetu ni cha mitumba, zimekuwa na huruma kwa mtupaji. Kwa walio katikati hazina huruma yoyote.

Wacha niseme pia yale niliyojifunza polepole, kabla sijafika kwenye aibu yangu. Mchomaji wa moto mtupu ni bure mbele ya joka jekundu, ambalo moto haulidhuru hata kidogo. Kwa hiyo weka vile vishale vitatu vya uchawi, vidogo kweli, lakini havikosi shabaha. La pili ni gumu zaidi kumeza. Katika mchezo huu adui aliyebaki na alama moja ya uhai hupiga kwa nguvu zile zile za adui mzima. Hapungukiwi na kitu. Kwa hiyo kumwunguza nusu ni kama hujamgusa, hadi atakapoanguka. Ndiyo maana wachezaji wazoefu wengi huwadharau kidogo wachomaji, wakasema afadhali mchawi wa kuwapumbaza maadui wasimame kama wanaoota, wenzake wawamalize mmoja mmoja. Mimi sikubaliani nao kikamilifu. Maadui wakiwa wengi na dhaifu, hakuna kitu kama donge la moto. Lakini lazima ujue ni nani wataanguka. Ukirusha kwa ajili ya kuona dadu nyingi mezani, hapo tena hujui unachofanya.

Basi siku hiyo tulikuwa ndani ya ngome iliyobomoka. Askari wetu, kijana mrefu wa uhandisi, alikuwa amefungiwa ng'ambo ya mlango wa chuma. Mwizi wetu alikuwa juu ya paa, hana njia ya kushuka haraka. Uani kulikuwa na viumbe sita wenye miili ya watu na vichwa vya fisi, na katikati yao, amezingirwa, mganga wa mpwa wangu. Mimi nilikuwa dirishani juu, salama, daraja la sita, moto wangu umejaa.

"Nimebaki na 30," mpwa wangu akasema. "Mjomba, ngoja zamu moja tu. Nikitoka hapo katikati, choma."

Msomaji, nilimsikia. Ningesema sikumsikia ningekudanganya. Lakini fisi sita waliojikusanya pamoja hawaonekani kila Jumamosi, nami nilikuwa nimekaa miezi kadhaa nikiungoja mpangilio ule. Nikanyoosha kidole. Msimulizi wetu, binti anayesomea famasia, aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema ndiyo mara zote mbili.

Mpwa wangu akarusha dadu yake ya kukwepa. Tano. Amefeli. Nami nikamwaga zangu nane: moja, moja, mbili, mbili, tatu, nne, tano, sita. Jumla 24, ongeza nne za haiba, 28. Ungekoma hapo, msomaji, mganga angebaki na alama mbili za uhai, akachechemea akatoka. Niliziona zile moja na zile mbili nikaona haya, kana kwamba mtu amenitukana. Nikatumia ile hila yangu. Nikaziokota dadu nne mbovu nikazirusha upya. Sita, nne, tatu, mbili. Thelathini na saba! Nikapiga meza kwa furaha, chai ikamwagika.

Fisi wanne walianguka. Mganga naye akaanguka.

Baadaye msimulizi alinionyesha hesabu yake. Kila fisi alikuwa na uhai wa 22. Wale wanne waliofeli kukwepa walikuwa wamekwisha kufa kwa 28. Wale wawili waliokwepa walipata nusu, na hata nusu ya 37 haikuwaua. Kurusha kwangu upya hakukubadilisha kitu chochote pale uani isipokuwa mtu mmoja.

Aliyeanguka mchezoni hafi papo hapo. Hurusha dadu ya 20 kila zamu yake. Kumi na zaidi ni heri, chini ya kumi ni shari, na shari tatu ni kaburi. Lakini mmoja wa fisi waliobaki aligeuka akamng'ata pale alipolala, na sheria inasema pigo kwa mtu aliyezirai ni shari mbili kwa mpigo. Ikafika zamu ya mpwa wangu. Akaishika dadu kwa muda. Akarusha. Sita.

Kimya kikatanda. Kundi zima lilikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kumfufua maiti kabla ya dakika moja kupita, na mtu huyo ndiye alikuwa maiti. Ile dawa ya kunywa inayouzwa vipande 50 vya dhahabu, ambayo hata mimi ningeweza kumnywesha kama ningeshuka mapema, sikuwa nimeinunua. Dhahabu yangu niliitumia kununua joho.

Mpwa wangu hakulalamika. Aliikunja ile karatasi yake mara mbili, akaitia mkobani, akawatengenezea wenzake chai nyingine. Ningependa angenitukana. Nilikitambua kile kimya, kwa maana nilikuwa nimeishi nacho nyumbani kwangu tangu Februari.

Tulirudi kwa matatu mbili, tukibadilisha mjini, bila neno. Kuanzia stejini Umoja hadi nyumbani ni mwendo wa dakika kumi hivi. Tulipopita vibanda vya mboga, alisema bila kunitazama: "Mjomba, nilikuambia ungoje."

"Ulinambia. Nisamehe."

Tukapita duka moja, la pili. "Nikusamehe lipi," akauliza, "la moto ama la sebuleni?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kiutu uzima kuhusu hilo la sebuleni: kwamba dada amenikabidhi dhamana, kwamba karo haiokotwi, kwamba nilitaka aone aibu ajirekebishe. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi miezi. Lakini nikakumbuka zile dadu nne nilizoziokota wakati kazi imekwisha kufanyika. Karatasi ya matokeo alikuwa amekwisha kuisoma mwenyewe kabla yangu. Alijua. Wageni hawakuhitaji kujua.

"Yote mawili," nikasema.

Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alisema njaa inamuuma. Usiku huo alikula mezani pamoja nasi, na kabla ya kulala aligonga mlango akaniuliza kama nina rula, kwa sababu anataka kuchora karatasi ya mhusika mpya. Kuhusu yale masomo mawili, aliyarudia Agosti. Moja amelipita, la pili bado linamsumbua, na safari hii ni yeye mwenyewe aliyeniambia, jikoni, tukiwa wawili.

Jumamosi iliyofuata alikuja na mhusika wake. Nilitarajia mganga mwingine. Akaniwekea mbele mchoro wa mtu mwekundu mwenye mkia, na pembe mbili ndefu zilizopinda kama za kondoo dume.

"Huyu ni wa ukoo ambao moto huwaunguza nusu tu," akasema. "Tena nimempa wepesi mwingi, Mjomba. Nimepiga hesabu ya zile dadu zako nane. Hata ukitupata sote, mimi nabaki nimesimama."

Wenzake walicheka hadi msimulizi akaomba tuanze. Nikacheka nami. Mchoro huo sasa umebandikwa ukutani chumbani kwake, juu ya kitanda, na unapendeza kweli, kwani kijana ana mkono wa kuchora. Shida iliyopo ni kwamba Mama anakuja kututembelea Ijumaa kwa basi la asubuhi kutoka Voi, na chumba atakacholala ni hicho hicho. Tumekubaliana mimi na mpwa wangu kwamba tutaubandua Alhamisi usiku. Nimemwambia asisahau. Ameniambia nisiwe na haraka.